Komeo la Stoo

Tulipomaliza matanga ya Baba na wageni wakarudi makwao, Mama alinipa sanduku la vifaa vyake nilipange. Ni lile la mbao lililokuwa chini ya kitanda chao miaka yote, ambalo tukiwa watoto hatukuruhusiwa hata kulisogeza. Ndani mlikuwa na nyundo, tupa, pampu ya baiskeli iliyokufa zamani, na misumari ya kila aina kwenye makopo. Chini kabisa kulikuwa na kitu kilichofungwa kwa kipande cha tyubu. Nilifungua nikijua ni takataka tu za wazee, na harufu ya kutu na mafuta ya mashine ikanipanda puani kabla macho hayajaelewa. Lilikuwa komeo. Komeo la chuma la kusukuma, refu kama kiganja changu, na misumari yake minne bado imepinda vile ilivyong'olewa.

Nilikaa chini pale pale sakafuni. Mama alikuwa mlangoni akichambua kunde. Aliliona mkononi mwangu, akaendelea kuchambua.

Miaka yote nimekaa nikiamini kwamba komeo lile lilipotea, na kwamba nyumbani kwetu anayejua habari yake ni mimi peke yangu. Siri ya mtungi aijuaye kata, husemwa, na mimi nilijiona ndiye kata. Kumbe sikuwa kata ya chochote. Acha niiseme sasa, tena yote, maana nimechoka kuibeba. Ninyi mliolelewa kwenye miwa mtanielewa upesi, na wengine mtanivumilia kidogo.

Kwetu Kabras kiangazi tulikijua kwa moshi. Krismasi ikipita tu, nyasi zikikauka hadi zinachoma nyayo, miwa ilianza kuchomwa. Ikichomwa, majani yanaisha, wakataji wanaingia bila kukatwakatwa mikono, na nyoka wanahama. Hizo ndizo sababu watu wazima walizotupa. Sisi watoto tulichojua ni kwamba mchana wowote upande mmoja wa anga ungegeuka kahawia, jua lingekuwa jekundu kama kiini cha yai la kienyeji, kisha masizi yangeanza kushuka. Marefu, meusi, mepesi, yanaelea polepole yakitafuta pa kutua, na pale yalipopenda ni kwenye shuka jeupe lililoanikwa. Ukiyagusa yanasagika na kuacha mstari ambao sabuni ya mche haiutoi. Senge alikuwa akisema mbinguni wananyonyoa kuku mweusi, na inaonekana leo wageni ni wengi.

Wiki hizo kila mtu alikohoa. Kanisani mhubiri alikatiza neno akakohoa, na waumini wakamjibu kwa kukohoa, nasi watoto tukacheka hadi tukafinywa. Makamasi yetu yalikuwa meusi. Hakuna aliyekiita kikohozi hicho ugonjwa. Ulikuwa msimu, kama msimu wa kumbikumbi, nao ungepita mvua ikinyesha.

Senge, kwa wasiojua, ni dada ya baba. Wangu aliitwa Felista, kitinda mimba wa kwao Baba, na alikuwa amerudi nyumbani kutoka kwa ndoa iliyomshinda. Alikuja asubuhi moja kichwa cha cherehani kikiwa kichwani mwake, na miguu ya cherehani imefungwa nyuma ya baiskeli ya kijana aliyemlipa kwa maneno matamu. Watu walisema, kama watu wasemavyo. Yeye aliwajibu pale pale kisimani: mume nimewaachia, cherehani ni yangu. Nilikuwa na miaka tisa, na nilimpenda tangu siku hiyo.

Baba alimpa stoo akae na kushonea humo. Ilikuwa ya kuwekea mahindi, chumba kimoja cha udongo na mabati pembeni ya ua, na kwa sababu hiyo komeo lake lilikuwa nje. Mahindi hayana haja ya kujifungia. Kidirisha kilikuwa kimoja, kimetiwa waya wa kuku, na kibao chake nacho kilifungwa kwa ndoano ya nje. Mlango wenyewe ulikuwa umepinda, usipokomewa au kuzuiwa na kitu unajifungua wenyewe taratibu. Baba aliahidi kuubadilisha. Baba aliahidi mambo mengi kwa mwezi wa mavuno.

Na Senge alikuwa na pumu. Siku za mvua hungejua. Alicheka kuliko wote, akasema kuliko wote, akakanyaga cherehani hadi inalia kama pikipiki. Lakini moshi wa miwa ukishuka, kifua chake kilianza kupiga filimbi, mabega yanapanda, na maneno yake yanakuja mawili mawili. Ndipo nikapewa kazi. Alinivisha kofia aliyoshona kwa vipande vya kaki akanitawaza mbele ya Mama: kuanzia leo wewe ni Askari wa Moshi. Tangu hapo aliniita Askari, jina langu akalisahau kabisa.

Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu, na niliujua kama Baba Yetu. Nikiona anga inageuka, nilianua nguo mbio. Nilichota maji nikalowesha gunia. Nilileta vidonge vya Senge kutoka kabati la nyumba kubwa. Nilifunga kibao cha dirisha. Nilitoa nje pasi, ile ya makaa yenye jogoo mdomoni, kama ilikuwa imewashwa. Mwisho niliingia ndani mimi mwenyewe, nikausukuma mlango, nikaubana kwa lile gunia bichi chini na mgongo wangu juu, tukakaa gizani mimi na Senge mpaka masizi yaishe. Hizo zilikuwa saa tamu. Aliniambia hadithi za mashangazi wa mume wake wa zamani, akiwaigiza mmoja mmoja, anasimama kupumua, anaendelea. Aliniambia pia habari za Khayega. Kulikuwa na mama mmoja sokoni pale mwenye chumba cha kukodisha kando ya barabara, mbali na miwa, na Senge alikuwa ameshaongea naye. Angehamia huko na cherehani yake, na shule ikifungwa ningekwenda kumfungia vifungo.

Katika utaratibu wote huo kulikuwa na jambo moja nililolielewa vibaya, na hakuna aliyenirekebisha kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Nilidhani pasi inatolewa nje ili cheche isichome nguo. Makaa yaliyoiva hayatoi moshi, na kwangu mimi adui alikuwa moshi, na moshi ulikuwa nje. Ukifunga vizuri, umeshinda.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi, na joto lilikuwa limekaa juu yetu wiki nzima bila kupepesuka. Mama alikuwa ameenda sokoni Malava. Senge alikuwa akimalizia gauni la harusi la binti wa mwalimu mkuu, gauni ambalo lingemfungulia mlango wa Khayega, maana harusini watu wangeliona na kuuliza limeshonwa na nani. Lilikuwa jeupe, refu, na mabega yamevimba kama mtindo wa wakati huo. Alikuwa ameshalishona lote. Lilibaki kunyooshwa.

Ng'ambo ya kijito jirani yetu alikuwa anachoma shamba lake siku hiyo, na Baba alikuwa ameenda na wanaume wengine kulinda moto usivuke. Rafiki yangu Nanzala alikuwa ameniwekea miadi tangu Jumatano. Ninyi mliokula mnajua: mua ulioungua, ukauvunja ungali moto, utamu wake ni mwingine kabisa, unatiririka hadi kwenye viwiko. Wa kwanza kufika ndio wanaopata ile minono ya pembeni kabla wakataji hawajafukuza watoto. Nanzala alisema nikichelewa hataningoja.

Moshi ulipopanda nilifanya kazi yangu mbio mbio. Nguo nilianua. Gunia nililowesha. Vidonge nilisema nitaleta. Nilifunga kibao cha dirisha na ndoano. Nilipochungulia mlangoni Senge alikuwa ameinama juu ya gauni, pasi mkononi, jasho linamtoka, akanambia ngoja kidogo, amalizie upande huu kisha ampe Askari pasi. Mimi sikuwa na hiyo kidogo. Nilimwona Nanzala akishuka kule mtoni. Nikavuta mlango. Ukajifungua. Nikauvuta tena, na mkono wangu ukaona komeo.

Nilijiambia ni dakika tu. Mlango umefungwa vizuri kuliko siku zote, moshi hauna pa kupita, nitavunja mua mmoja wangu na mmoja wa Senge, nitarudi nimfungulie, atacheka. Nilisukuma komeo. Lilikuwa limepakwa mafuta karibuni, likateleza bila sauti.

Nilikuwa nimefika kwenye mpera aliponiita. “Askari!” Nilisikia. Sauti yake pamoja na kiganja kikipiga ubao. Nilisimama, naapa nilisimama, nikageuka nikautazama mlango. Halafu nikajiambia ananiita kunigombeza kwa sababu sijatoa pasi. Nikakimbia. Nilipokuwa karibu na kijito aliniita tena, na safari hii sauti ilikuwa ndogo, na mimi nilijua kifua cha Senge kinavyosikika kikibana. Nilikuwa Askari wa Moshi, nani angejua kuliko mimi? Nikavuka gogo bila kugeuka.

Nimewaambia watu kadhaa hadithi hii maishani, mume wangu mmojawapo, na kila mara nimeishia kwenye komeo. Mtoto alikosea, mtoto hakujua mambo ya makaa, pole. Kule kwenye mpera sijawahi kumpeleka mtu.

Mua ulikuwa mtamu. Hilo nalo linaniudhi mpaka leo. Tulikula na Nanzala mpaka midomo ikawa meusi na vidole vikagandana. Kulikuwa na wakati nilikumbuka stoo, nikajiambia mmoja tu wa mwisho, na kulikuwa na mmoja mwingine wa mwisho baada ya huo. Ndipo upepo ukageuka. Ulitoka upande wa msitu, wa baridi, ukayainua masizi yote ya shamba kwa mara moja, na nyuma yake kulikuwa na wingu jeusi lililojaa hadi chini. Wazee walikuwa wamesema moto mkubwa huita mvua. Wanaume walitawanyika kila mmoja akikimbilia mahindi yake yaliyoanikwa. Nilimwona Baba kwa mbali akivuka gogo, shati limefura mgongoni. Ningeweza kumwita. Nilijificha nyuma ya miwa asinione nimeacha kazi.

Sisi tulikimbilia nyumbani kwa kina Nanzala, tukajibana kwenye veranda pamoja na nyanya yake na wakataji watatu waliofukuzwa na mvua. Matone yalikuwa makubwa, kisha yakawa mawe. Mawe yalipiga mabati mpaka mtu wa karibu yako hasikiki. Nyanya ya Nanzala alichukua jembe akalitupa uani ili kuyakata mawe, kama ilivyofanywa na kila mtu mwenye akili, nayo yakazidi. Radi ilipopasua mti kule juu, alinigeukia mimi. Nilikuwa na rinda jekundu la shule. Alinivua mwenyewe akalikunja akalificha chini ya kiti, kwa sababu radi hupenda nyekundu, na nikabaki na kamisi nikitetemeka.

Kisha akasema, akicheka kidogo, maana alikuwa mtu wa mzaha, “Radi haipigagi ovyo. Kama kuna mtu hapa amefanya kitu, aseme sasa, tusiungue wote.”

Mkataji mmoja alikiri kuiba kuku wa mama mkwe. Wote wakacheka. Nanzala alikiri kukojoa kisimani, akapigwa kofi dogo. Zamu ikawa kama yangu, kwani wote walikuwa wananitazama, na lile jambo lilikuwa mdomoni, liko hapa, kwenye meno. Wale wanaume watatu walikuwa na nguvu. Kijito kilikuwa bado hakijajaa. Mmoja wao angevuka kwa dakika tano akafungua komeo. Nilisema mimi sijafanya kitu. Wakasema mtoto huyu ni malaika, na mimi nikaingia ndani zaidi, karibu na ukuta, kwa sababu niliamini kabisa kwamba ile radi inanitafuta mimi na imekosea nyumba tu.

Mvua ilipopungua, kijito kilikuwa kimegeuka mto. Gogo halikuonekana. Maji yalikuwa meusi kwa masizi, yanabeba miwa iliyoungua, vifaranga, na karai la mtu. Nilisimama ukingoni na kamisi yangu nikaangalia ng'ambo, na niliona ua wetu wote kama mtu anavyoona picha. Bati moja la stoo lilikuwa limeng'oka, limelala kwenye migomba. Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Watu walikuwa wamejaa. Kisha Baba akatoka akiwa amembeba Senge mgongoni, kama mtoto, mikono yake inaning'inia, akaenda naye mbio kuelekea barabarani kulikokuwa na trekta la miwa. Niliita. Maji yalikuwa yanavuma, hakuna aliyenisikia.

Mjomba wa Nanzala alinivusha jioni maji yaliposhuka. Nyumbani hapakuwa na mtu aliyenitazama. Mama alikuwa amerudi na kuondoka tena. Niliingia stoo. Mawe ya mvua yalikuwa bado hayajayeyuka yote, yamerundikana kando ya ukuta, na gauni la harusi lilikuwa juu ya meza, limejaa maji meusi yaliyopita kwenye udongo na masizi ya bati. Pasi ilikuwa sakafuni, imepinduka, makaa yamezimwa na mvua. Nilijaribu kufuta gauni kwa kamisi yangu. Nilizidisha.

Senge hakufa. Alikaa hospitali mpaka miwa ya jirani ikaisha kukatwa. Walisema hewa ya pasi ndiyo ilimwangusha, juu ya ile pumu, na bati lisingeng'oka lingekuwa jambo lingine. Nilipopelekwa kumwona nilikuwa nimejificha nyuma ya Mama, nimeshika mayai matatu kwenye leso. Alikuwa amekonda, na maneno yake sasa yalikuwa yanakuja moja moja. Mgonjwa wa kitanda cha pili akamuuliza ilikuwaje hata akafungiwa ndani. Senge alinitazama mimi.

“Upepo,” alisema. “Upepo ulifunga mlango.”

Na mimi nilimwamini! Yaani niliamini kwamba yeye anaamini. Nilijiambia hakunisikia nikisukuma komeo, si lilikuwa limepakwa mafuta, na upepo kweli ulikuwa mkali siku ile. Tuliporudi nyumbani nilikwenda kuutazama mlango, na komeo halikuwepo. Mashimo manne tu ya misumari. Nilipiga magoti pale nikamshukuru Mungu, kwa sababu nilifikiri ni yeye aliyeliondoa ili nisikamatwe. Mtoto wa miaka tisa anaweza kumfanya Mungu mwenzake wa wizi bila kupepesa.

Gauni lilishonwa na fundi mwingine. Chumba cha Khayega kilichukuliwa na kinyozi. Kifua cha Senge hakikurudi, na Baba aliposikia kiangazi kingine kinakuja alimpeleka Mautuma kwa binamu yao, kule kwa mahindi na ng'ombe, ambako hakuna anayechoma miwa. Aliondoka bila cherehani, kwa sababu mguu ulikuwa hauna tena pumzi ya kukanyaga. Alinipungia mkono kutoka nyuma ya lori. Nilikuwa nimevaa ile kofia ya kaki, kwa heshima yake, na nadhani nilikuwa ninatabasamu.

Kidato cha pili mwalimu wa kemia alitufundisha kuhusu hewa inayotoka kwa makaa ndani ya chumba kilichofungwa, haina rangi, haina harufu. Wenzangu waliandika. Mimi niliomba ruhusa nikaenda chooni nikatapika. Tangu siku hiyo nikaacha kwenda Mautuma. Siku zote kulikuwa na sababu, masomo, kazi, watoto. Harusi yangu alikuja, akakaa mbali na moshi wa jikoni, akasema gauni langu limekaa vizuri mabegani. Nilimshukuru nikapita.

Basi ndiyo hayo yaliyonipanda kichwani nikiwa nimekaa sakafuni na lile komeo. Mama alimaliza kunde zake, akafuta mikono kwenye leso, ndipo akasema. Alisema siku ile Baba alipita mbele ya mlango wa stoo mara tatu akibeba mahindi kuyaokoa na mvua. Mara tatu, mlangoni kabisa, gunia begani. Aliona umekomewa kwa nje, akajua dada yake ametoka. Alienda stoo tu kwa sababu bati lilikuwa limeng'oka na aliogopea kitambaa cha watu. Alipofungua alikuwa bado anafikiri hakuna mtu ndani.

Nilimuuliza Mama kwa nini hawakuniuliza. Alisema Senge alikataza. Alimwambia Baba hospitalini, mtu yeyote akimgusa huyo mtoto, mimi nitasema ni wewe uliyenifungia. Na Baba aling'oa komeo usiku, eti nisiamke nikaliona. Mama alisema hayo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya mboga, kisha akaenda kuinjika sufuria.

Wiki iliyofuata nilikwenda Mautuma na komeo kwenye mkoba.

Senge sasa ana mvi na anatembea kidogo kidogo, lakini ulimi ni ule ule. Aliponiona aliuliza kama nimepotea njia. Tulikaa ndani, dirisha wazi, chai mbele yetu. Tulimlilia Baba kidogo. Kisha nikaweka komeo mezani, na yeye akalitazama akacheka mpaka akakohoa, akasema huyu ndugu yangu hakujua kutupa kitu. Nikamwambia. Nilimwambia habari ya Nanzala, mua, pasi ambayo sikuitoa, vidonge nilivyosema nitaleta, na mkono wangu kwenye komeo. Alinipungia mkono niyaache. Alisema hayo yote aliyajua siku hiyo hiyo, mtoto ni mtoto, hata yeye utotoni aliwahi kumfungia mbuzi ndani ya kanisa.

Ningeweza kunyamaza hapo. Nilikuwa nimepata nilichofuata, na chai ilikuwa bado ya moto. Lakini Senge alikuwa amelichukua komeo, analisukuma mbele na nyuma kwa kidole kimoja, na uso wake ulikuwa umebadilika.

“Kuna kitu kimoja nimekuwanga najiuliza,” alisema. “Nilikuita. Ama nilidhani nakuita. Kifua kilikuwa kimefunga, nikawa sijui kama sauti inatoka ama iko tu ndani ya kichwa. Nikasema, haikutoka. Askari wangu angesikia, angerudi.” Alipumua. “Ulinisikia?”

Nilimtazama. Alikuwa ameishi na jibu lake miaka yote hiyo, na jibu hilo lilikuwa zuri, nami ningeweza kumwachia.

“Nilikusikia, Senge. Mara mbili.”

Kidole kiliacha kusukuma. Nje kulikuwa na mtu anaswaga ng'ombe, na tulimsikiliza mpaka akapita.

“Mara mbili,” alisema. “Mimi niliita mara tatu. Basi ya tatu ndiyo haikutoka.”

Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuomba. Alinisukumia komeo kuvuka meza nikalirudishe kwenye sanduku la Baba, akasema ninywe chai, inapoa.